Namba Iliyoandikwa Mlangoni

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, dirisha la Bibi Pasi lilikuwa likigongwa mara mbili. Hakuwa na haja ya kuchungulia. Aliisimamisha pasi wima, akafungua mlango, na mjukuu wake akajipenyeza ndani na begi la shule mgongoni, huku mama yake akiwa ameshageuka, anakaza mwendo kuelekea kliniki. Bibi Pasi na binti yake hawakuwa na maneno mengi. "Mmelala salama?" "Salama." Basi. Mtoto alipanda juu ya rundo la mashuka yaliyokwisha kupigwa pasi, jambo alilokatazwa mara mia na moja, akanywa chai na mkate, na ilipofika saa moja na nusu mama yake alikuwa amesharudi kumchukua ampeleke shule, dawa yake ya siku hiyo ikiwa tumboni.

Dawa yenyewe ilikuwa ya kunywa, kijikombe tu, na ilinywewa mbele ya muuguzi kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo. Ndiyo iliyomtoa binti yake kwenye uraibu wa unga. Ndiyo iliyomrudisha mjukuu nyumbani baada ya miezi kumi na mmoja kwenye makao ya watoto.

Mtaani hakuna aliyekumbuka jina halisi la Bibi Pasi. Alikuwa amewanyooshea watu nguo kwa miaka thelathini na mbili, mashati ya makarani, magauni ya maharusi, makoti ya madaktari, hata siku akijaza fomu alilazimika kufikiri kidogo kabla ya kuandika jina alilopewa na wazazi wake. Mjukuu naye aliitwa Chiriku, kwa sababu akiwa na miaka mitatu alikuwa haishiwi maneno tangu anafumbua macho mpaka anayafumba. Jina lilibaki. Maneno yalipungua sana aliporudi kutoka makao.

Alhamisi hiyo dirisha halikugongwa. Uligongwa mlango, chini, usawa wa goti.

Bibi Pasi alikuwa katikati ya shati jeupe la karani wa mahakama. Alipofungua, alimkuta Chiriku amesimama peke yake. Hakubeba begi la shule. Alibeba mfuko wa nguo, ule uliokaa siku zote nyuma ya mlango wa chumba chao, na miguuni alivaa viatu, cha kulia kushoto, cha kushoto kulia.

"Mama haamki," alisema. "Nimefunga mlango. Ufunguo huu hapa."

Bibi Pasi aliuchukua ufunguo. Alimshika mtoto mkono, akatoka na kandambili zake za ndani, na nyuma yake pasi ikabaki imelala kifudifudi juu ya shati la watu.

Kutoka kwake hadi kwa binti yake ni mitaa miwili. Mtu mwenye magoti mazima angetumia dakika tano. Bibi Pasi alikuwa na goti moja zima, na njia nzima alikuwa akilitukana lile jingine kimoyomoyo. Alikuwa akiitukana pia midomo yake mwenyewe. Jumanne, kabla ya saa kumi na mbili, binti yake alikuwa amemwambia dirishani, "Mama, leo mpeleke wewe shule, nimebanwa kazini." Jumatano akasema vilevile. Bibi Pasi aliona jasho kwenye paji la uso wake, asubuhi ya baridi kama ile, na neno likamjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Alikuwa hodari wa kumeza.

Chini ya jengo alilokaa binti yake palikuwa na kibanda cha sabuni na vocha. Kwenye mlango wa kibanda mwenyewe alikuwa ameandika namba yake ya simu kwa rangi nyekundu, tarakimu ndefu kama viatu, ili wateja wasihangaike. Mwenyewe alikuwa Mama Redio. Waliomwita hivyo walisema habari ikiingia kibandani kwake asubuhi, chai ikipoa mtaa mzima unayo. Chumba chake kilipakana na cha binti wa Bibi Pasi, ukuta mmoja, na kwa miaka miwili wawili hao hawakuwa wakisalimiana.

"Bibi Pasi, kuna nini? Mbona unakimbia na huna mbio?"

"Njoo," Bibi Pasi alisema. "Njoo tu."

Walimkuta sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, amelala kiubavu. Midomo ilikuwa imepauka. Mama Redio alipiga magoti, akamgeuza, akamsugua kifua kwa ngumi kama anasugua doa, huku anamwita kwa ukali, "We! Amka! Amka uje unitukane!" Baada ya muda ambao Bibi Pasi hakuweza kuupima, binti alivuta pumzi ndefu, akakohoa, akafumbua macho nusu, akayafumba tena.

"Anapumua," Mama Redio alisema. "Lakini huyu si wa kumwachia sisi." Alitoa simu kifuani, akamtazama Bibi Pasi. "Tunapiga au hatupigi?"

Bibi Pasi aliitazama ile simu. Aliijua. Ilikuwa na ufa uleule kwenye kioo.

Miaka miwili iliyopita aliiazima, pale kibandani, kwa sababu yake haikuwa na salio. Binti yake alikuwa amekonda mpaka nguo zinamning'inia kama ziko kwenye hanga, na yeye kila akijaribu kusema naye waliishia kugombana. Akasikia kwenye redio, redio ya kweli, kwamba kuna namba ya ustawi wa jamii unaweza kupiga. Akapiga. Sauti ya upande wa pili ilikuwa na haraka. Kuna mtoto yuko hatarini? Ndiyo. Mtoto ana miaka mingapi? Hapo Bibi Pasi alinyamaza kidogo, mpaka sauti ikarudia swali, ndipo akasema minne. Alidhani watamtuma mtu wa kuzungumza, mtu mwenye maneno ambayo yeye hakuwa nayo. Alfajiri ya kesho yake likaja gari. Chiriku alitolewa kitandani peku, akapakiwa analia, na mama yake akabaki ngazini ameshika kiatu kimoja.

Bibi Pasi alikwenda ofisini kuomba apewe mjukuu. Walikuja wakakikagua chumba chake, wakaandika: chumba kimoja, pasi za moto, mlezi ana umri mkubwa, hakifai. Yakaisha.

Halafu binti yake aliitwa kusaini karatasi, na kwenye faili akaiona namba ya mtu aliyetoa taarifa. Waliifuta kwa kalamu, lakini vibaya. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Alikuwa akiipita kila siku, nyekundu, mlangoni. Siku hiyo alisimama mbele ya kibanda akamtukana Mama Redio matusi ya kuokota na ya kutunga, mbele za watu, na Mama Redio akamwangalia Bibi Pasi aliyekuwa amesimama palepale. Usiku huo Bibi Pasi alimfuata. "Nivumilie siku mbili tatu," alimwomba. "Hasira zikipoa nitamwambia." Mama Redio alikubali. Siku mbili tatu zikawa miaka miwili.

"Bibi Pasi. Nakuuliza, tunapiga?"

Mdomo wake haukufunguka. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake, anawatazama kwa zamu.

Mama Redio alishusha pumzi, akabonyeza namba ya kliniki mwenyewe. "Mimi tayari ni mchongezi," alisema wakati simu ikiita. "Nikichongea mara ya pili jina halibadiliki."

*

Muuguzi alifika na dawa na sindano, na pamoja naye akaja msichana mmoja mwembamba aliyejitambulisha kuwa ofisa ustawi wa jamii. Bibi Pasi alitazama nyuma ya ofisa, ngazini, akitafuta wanaume na gari. Hapakuwa na mtu. Ofisa alivua viatu mlangoni, akasema "Shikamoo, Bibi," kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi umsogelee kumsikia, na wakati muuguzi anamhudumia mama, yeye alikaa chini ngazini, hatua mbili kutoka kwa Chiriku.

"Gari liko wapi?" Chiriku aliuliza.

"Nimekuja kwa miguu."

"Utalileta kesho?"

Bibi Pasi alingoja lile jibu la wakubwa, la kumpoza mtoto. Ofisa hakulitoa.

"Sitaki kulileta," alisema. "Nitafanya kila ninaloweza lisije. Lakini sitaki kukudanganya, bado sijajua."

Chiriku alilipima jibu hilo. Inaonekana lilimfaa, kwa sababu aliuweka mfuko chini, ingawa aliendelea kushika kishikio chake.

"Naona umevaa viatu mapema."

"Navaa nikilala," Chiriku alisema. "Siku ile nilienda peku."

Ofisa alifungua daftari lake, halafu akalifunga bila kuandika kitu.

Mchana, binti alipokuwa amepata nafuu na anapumzishwa kliniki, ofisa alimweleza Bibi Pasi mambo yalivyo. Zamani, alisema, taarifa kama hii ingetosha. Mtoto anachukuliwa kwanza, maswali baadaye. Sasa utaratibu umebadilishwa, kwa sababu ofisi ilikuja kugundua kwamba watu wameacha kupiga simu, na akina mama wenye shida hii wameacha kusema wakiteleza, wanajificha mpaka yanawafika makubwa. Sasa familia inapewa siku tatu. Wanakaa wote pamoja, mama mwenyewe akiwemo, na wanatengeneza mpango wa mtoto kubaki nyumbani salama wakati mama anatibiwa. Mpango lazima uwe na watu wazima wawili wa kuitwa saa yoyote, na mmoja wao awe anaweza kufika mlangoni ndani ya dakika tano. Na mama lazima awakubali wote wawili kwa hiari yake, maana mtu hawezi kumpigia simu mtu asiyemwamini siku amezidiwa.

"Na wakikosekana wawili?"

"Faili linakwenda kwa hakimu, Bibi. Na Chiriku anasubiri uamuzi akiwa makao."

"Nitakaa naye mimi. Kwangu."

Ofisa aliinamisha macho. "Kile kilichoandikwa kuhusu chumba chako bado kimo kwenye faili. Nimeomba kifutwe. Siwezi kukifuta kwa siku tatu." Kisha akaongeza, taratibu, "Na nilimuuliza Chiriku mwenyewe kama angependa kulala kwako. Akaniambia, nani atamsikiliza mama akipumua?"

Bibi Pasi aliporudi kwake alikuta umeme wa pasi umezimwa na jirani aliyenusa moshi. Katikati ya mgongo wa shati la karani palikuwa na doa la kahawia lenye umbo kamili la pasi. Alikaa nalo mapajani mpaka giza likaingia.

*

Walikaa Jumamosi, saa nne, kwenye chumba cha Bibi Pasi. Alikuwa ameondoa mashuka, akatandika blanketi la kupigia pasi juu ya meza, upande usio na alama za moto. Binti yake alikaa kwenye stuli, uso umemshuka, mikono ameibana katikati ya mapaja. Alikuwa amekunywa dawa yake asubuhi. Chiriku alikuwa chini ya meza, anachora nyuma ya karatasi aliyopewa na ofisa.

"Mtoto anaruhusiwa kumwalika mtu mmoja," ofisa alisema. "Chiriku amemwalika mtu wake. Atafika sasa hivi."

"Mtu gani?" mama yake aliuliza.

Mlango ukagongwa, na Mama Redio akaingia amevaa gauni la kutokea, kichwani kitambaa kipya, mkononi pakiti ya biskuti.

"Hodi wenyewe."

Binti alisimama mpaka stuli ikaanguka. "Huyu? Huyu anakuja kufanya nini hapa?"

"Hunipa biskuti nikitoka shule," sauti ilisema kutoka chini ya meza. "Na hugonga ukuta, nami nagonga. Tukilala."

Mama yake alifunga macho. Alikuwa hajui. Hata Bibi Pasi alikuwa hajui.

"Kaa, dada," ofisa alimwambia binti. "Hakuna jina linaloandikwa bila wewe kutaka. Tuanze na wiki hii. Tuambie tu ilivyokuwa."

Ilichukua muda. Mwanzoni aliongea na meza. Karakana anakoshona vifungo na pindo za sare walibadilisha zamu wiki ile, sasa wanaingia saa kumi na mbili kamili, na kliniki nayo inafungua saa kumi na mbili. Msimamizi alisema anayechelewa asirudi. Akaona akose dozi siku moja tu, ashike kazi. Siku ya pili mwili ukaanza kuuma, jasho, tumbo, mifupa kama inasagwa. Arosto. Jumatano jioni alipita njia ambayo alikuwa ameacha kupita.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?" Bibi Pasi aliuliza.

"Nikwambie ili iweje, Mama? Nimwambie nani? Muuguzi? Aandike, wasome, waje? Mara ya mwisho mtu alisema neno moja tu kuhusu mimi, nikakaa miezi kumi na mmoja bila mtoto." Alimgeukia Mama Redio. "Neno moja. Kwenye simu."

Mama Redio alifungua pakiti ya biskuti polepole, akaipitisha chini ya meza. Bibi Pasi alimtazama mwanamke huyo ambaye mtaa mzima ulimcheka kwa kutojua kufunga mdomo, akaona jinsi taya lake lilivyokaza.

"Kliniki wana dirisha la jioni siku hizi," ofisa alisema. "Saa kumi na moja mpaka saa moja usiku, kwa wanaofanya kazi. Nilipaswa kukwambia. Hakuna aliyekwambia, na kosa hilo ni letu, si lako. Jumatatu tunaweza kukuhamishia huko."

Binti alimtazama kama mtu aliyeambiwa mlango aliokuwa anausukuma siku zote ulikuwa wa kuvuta. "Dirisha la jioni," alirudia. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Yaani lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

Ofisa alitoa fomu. Ilikuwa ya kurasa mbili, na katikati ya ukurasa wa kwanza palikuwa na swali moja na mistari miwili mitupu. Alilisoma kwa sauti. *Mama atampigia nani siku akizidiwa?*

"Mama yangu," binti alisema bila kufikiri. Ofisa akauliza jina kamili, Bibi Pasi akafikiri kidogo kama kawaida yake, akalitaja, likaandikwa. Kuliona pale, kwa wino, jina ambalo hakuna aliyeliita, kulimfanya ajisikie kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu kwa ufunguo wa kuokota.

"Na wa pili? Wa dakika tano."

"Mwingine sina."

"Kwenye jengo lenu..."

"Kwenye jengo letu kuna wa juu ambaye ni mlevi, kuna wanafunzi wanaohama kila mwezi, na kuna huyu. Huyu sitaki. Siwezi kumpa mtu ufunguo wa chumba changu halafu nikilala nawaza atampigia nani. Hapana. Bora hakimu."

"Bora hakimu?" Mama Redio alishindwa kujizuia. "Hakimu atakuja kukugongea ukuta?"

"Wewe nyamaza! Namba yako niliiona kwa macho yangu!"

"Uliiona. Sikatai."

"Basi."

"Basi," Mama Redio alisema, akakunja mikono, akamtazama Bibi Pasi. Hapakuwa na tishio katika macho yale. Kama kulikuwa na kitu, ni uchovu, wa mtu aliyeshikishwa mzigo mlangoni na mwenyewe akaingia ndani akasahau kutoka.

Ofisa aliangalia saa ya ukutani, kisha fomu. "Ofisi inapokea mpaka saa saba," alisema, na sauti yake ndogo ilizidi kuwa ndogo. "Siwezi kupeleka yenye jina moja."

Chini ya meza, penseli iliacha kukwaruza. Kisha Bibi Pasi akasikia sauti nyingine, ya kamba ikivutwa. Aliinama akachungulia. Chiriku alikuwa anafunga kamba za viatu, fundo juu ya fundo, kwa makini, kama mtu anayejua safari iko mbali. Mfuko wa nguo ulikuwa kando yake. Alikuwa amekuja nao.

Bibi Pasi alinyanyuka. Akalifuata kabati, akalitoa shati la karani, akalitandika mezani, doa likiwa juu. Mikono yake ilikuwa inataka kitu cha kushika.

"Mama, unafanya nini?"

"Hili nililiunguza Alhamisi," alisema. "Jana mwenyewe alikuja kulichukua. Nikamwambia umeme ulileta shoti. Miaka thelathini na mbili ya kazi, nikamsingizia umeme." Aliulainisha mkunjo ambao haukuwepo. "Sijui kwa nini ni vigumu namna hii. Unaunguza kitu cha mtu, unasema nimekiunguza. Maneno mawili."

"Mama, si wakati wa mashati."

"Ile simu nilipiga mimi."

Nje mtu alipita anapiga mluzi.

"Simu ipi?"

"Ya miaka miwili. Sikuwa na salio. Niliazima ya huyu, pale kibandani. Hata hakujua napiga wapi mpaka nimeshaanza kuongea. Nikamwomba anifiche, akanifichia. Matusi yote uliyomtukana yalikuwa yangu."

Binti aligeuza kichwa kwa Mama Redio, taratibu sana. "Miaka miwili. Wewe. Ulinyamaza?"

"Niliambiwa siku mbili tatu," Mama Redio alisema. Macho yalikuwa yamemlowa lakini alijikaza. "Ukiniuliza, nusura nipasuke. Mimi huyu! Kuna siku nilijifungia kibandani nikawaambia maboksi ya sabuni."

Kitu kilitoka kwa binti, nusu kicheko nusu kilio, akakiziba kwa kiganja. Alipoondoa mkono aliongea na ofisa, si nao.

"Mwandike huyo. Mama Redio. Ana jina lake, atakwambia."

Ofisa aliandika. Mistari miwili ikawa imejaa. Lakini alipotaka kuigeuza karatasi, binti aliweka kidole juu ya mstari wa kwanza, juu ya jina la mama yake, akakishikilia hapo.

"Hili kwanza," alisema. "Hili sijui."

Sasa alimtazama mama yake usoni, labda kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Hakuwa na hasira ile ya matusi. Ilikuwa mbaya zaidi, uso ulikuwa wazi kama wa mtoto.

"Nilikuwa mama mbaya kiasi hicho? Ukaona bora wamchukue?"

"Hapana."

"Sasa uliwapigia wa nini? Ulitaka nini, Mama? Sema. Siku zote unaishia katikati."

Bibi Pasi alifungua mdomo, na yale mazoea ya miaka yakaja kuufunga. Kutoka chini ya meza mkono mdogo ulimshika pindo la gauni. Safari hii hakulimeza neno.

"Sikuwapigia waje kwa ajili ya Chiriku," alisema. "Chiriku ningembeba mgongoni na goti langu hili. Nilikuwa naona mtoto wangu anakufa mbele yangu na sijui nimfanyeje, nikasema labda wao wanajua. Wakaniuliza mtoto ana miaka mingapi. Nikasema minne, kwa sababu niliogopa watanicheka."

Aliweka mkono wake juu ya mkono wa binti, pale kwenye karatasi.

"Nilitaka kusema ishirini na sita."